Midomo ya Halla

Embarrass, Minnesota
21 Oktoba 1989

Mdogo wangu Lempi,

Naanza na hali. Baridi imeingia tangu tarehe kumi na nne, na asubuhi ndoo ya nje ina barafu ya unene wa kidole. Goti la chuma walilonitia linakunjika. Daktari amesema nisisimame juu ya kigari cha theluji msimu huu, kisha akaongeza, "Wala ujao." Binti yangu Carol amehamia Duluth na ananipigia simu Jumapili. Sulo, jirani, ananiletea kuni, halafu anakaa mpaka kahawa iishe.

Sasa Halla, mbwa wangu kiongozi wa kuvuta kigari. Ataondoka Alhamisi kwa ndege, ndani ya sanduku la mbao alilotengeneza Sulo. Ana miaka mitano. Mweke mbele peke yake, hapendi mwenzake ubavuni. Amri za kulia na kushoto anazijua kwa Kifini, usije ukamchanganya na Kiingereza chenu cha Alaska. Anakula samaki, nyama na uji kidogo. Ni mbwa mzima, hana shida yoyote.

Ili tusigombane baadaye, naandika sheria ya baba kama alivyoisema mwenyewe: mbwa aliyeazimwa kabla ya theluji, akivuta kwa mtu mwingine mpaka barafu ivunjike ziwani, ni wa huyo aliyemwendesha. Asipomaliza msimu, anarudi alikotoka. Wewe ulisema unakubali. Mimi pia nilisema.

Dada yako,
Irja


Nje ya Fairbanks, Alaska
19 Novemba 1989

Dada Irja,

Pole na goti. Mimi na mbwa wangu kumi na wanne, sasa kumi na watano, hatujambo. Nyuzi thelathini chini ya sifuri wiki nzima. Nimemaliza kukausha samaki, nimeziba paa, na bado sina simu, kwa hiyo usiulize. Posta naenda kila Jumatano.

Halla alifika salama. Siku mbili za kwanza alilala juu ya sanduku lake akiwa ameuelekeza mgongo nyumbani kwangu, nikasema huyu ni Irja mtupu. Siku ya tatu nilimfunga mbele. Dada, nimeendesha mbwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuwa na kiongozi kama huyu. Tulifika pale mto unapogawanyika, njia imefukiwa na theluji, mimi mwenyewe sioni kitu. Nikamwambia kushoto. Akasimama, akageuka kunitazama, kisha akaenda kulia. Nilimtukana. Baada ya hatua mia nikaona maji yametoka juu ya barafu upande wa kushoto.

Sasa analala mlangoni kwangu. Simlazimishi. Nikitoka asubuhi inabidi nimruke.

Kuna mashindano tarehe 24 Februari, maili mia mbili. Nitaingia naye.

Mdogo wako,
Lempi


Embarrass
1 Desemba 1989

Lempi,

Barua imefika jana. Huku wazima. Carol hakuja sikukuu ya shukrani, gari lake bovu. Nilioka mkate wa iliki, Sulo akala nusu.

Kwangu Halla hakuwahi kulala mlangoni. Alikuwa na kibanda chake na alikipenda. Mbwa anayelala mlangoni ni mbwa mwenye baridi. Angalia majani aliyotandikiwa.

Hiyo ya kukataa amri palipo na barafu mbovu mimi ndiye niliyemfundisha, miaka mitatu, Ziwa la Vermilion. Nakwambia ili ujue imetoka wapi.

Irja


Nje ya Fairbanks
17 Desemba 1989

Dada,

Nakutakia Krismasi njema mapema, maana posta itajaa. Nimetuma samaki wa moshi kwa jina lako. Mimi nina afya. Mbwa mmoja mzee, Pekka, amekufa usingizini akiwa na miaka kumi na tatu. Simlilii.

Wiki hii nimeona kitu kwa Halla. Midomo yake imekauka. Pembe ya kushoto ina nyufa tatu, ya kulia mbili, na anapopiga miayo zinafunguka. Chini ya pua kuna vigaga, na kidogo kuzunguka macho. Namwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita, namkausha kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, halafu nampaka mafuta ya mgando. Anayalamba kabla sijafunga kopo. Sasa nampaka wakati anakula mikononi mwangu ili asahau.

Wenzake hawana kitu. Hewa ni ile ile, chakula ni kile kile: samaki mkavu aliyechemshwa na mchele na pumba za ngano, kama baba alivyopika.

Je, aliwahi kuwa hivi kwako? Na kama aliwahi, ulifanya nini?

Lempi


Embarrass
3 Januari 1990

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Samaki wamefika, wana chumvi kidogo lakini wazuri. Goti linauma theluji ikikaribia, sasa najua hali ya hewa kabla ya redio. Carol anatarajia mtoto mwezi Juni. Nimeanza kufuma.

Kuhusu midomo. Nakumbuka ulisema mwaka juzi unalishia bakuli za plastiki. Plastiki inawasha midomo ya mbwa wengine, inawatoa upele kidevuni. Mbwa wa baba hawakuwahi kula kwenye plastiki. Nunua za bati zilizopakwa enameli, ile rangi ngumu ya kung'aa. Za chuma kitupu usinunue, ulimi utaganda. Endelea na maji ya chumvi. Usimwekee dawa ya watu, atailamba.

Labda pia ni hewa yenu. Huku kuna unyevu wa ziwa. Si kila mbwa anaumbwa kwa kule. Kama hawezi, mrudishe, hakuna atakayekucheka.

Na kumlisha mikononi ni kumdekeza.

Irja


Nje ya Fairbanks
26 Januari 1990

Dada Irja,

Hongera kwa mjukuu. Mwambie Carol mama yake mdogo wa porini amefurahi.

Nimebadilisha bakuli zote kumi na nne. Leo ni siku ya kumi na nne. Hakuna nafuu. Midomo imeota magaga kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Jumanne alivuta kwa saa moja, na nilipowasimamisha nikaona matone ya damu kwenye theluji mbele yake. Samaki mkavu hawezi kumtafuna, anamshika kwa meno ya mbele na kumwachia. Nyayo nazo zimeanza kuwa ngumu. Nimemtoa mbele. Nimemweka Rasti, ambaye akiambiwa kulia anataka kwanza tujadiliane.

Halla aliona wenzake wakiondoka bila yeye. Sitaki kuandika alivyolia.

Nilikuuliza swali mwezi wa kumi na mbili: aliwahi kuwa hivi kwako? Ulinijibu habari za bakuli. Zilikuwa habari nzuri, nakushukuru. Lakini hukunijibu.

Tarehe 5 nampeleka mjini kwa daktari wa wanyama. Na simrudishi. Tangu nikiwa na miaka minane kila mbwa mzuri wa nyumba ile alikuwa wako. Baba alinipa mimi wale waliobaki, nikaambiwa nishukuru. Huyu mmoja nitamponya mwenyewe na atamaliza msimu kwangu.

Lempi


Embarrass
11 Februari 1990

Lempi,

Ruka salamu. Chupa iliyo kwenye kifurushi hiki ni vidonge vya zinki. Mpe kimoja kila asubuhi, ndani ya nyama, akiwa ameshakula kidogo. Ukimpa na tumbo tupu atatapika. Punguza uji, acha pumba kabisa, ongeza nyama na maini. Midomo uiloweshe vigaga vilainike, usivibandue. Nafuu itaonekana wiki ya tatu, ngozi itafunga wiki ya sita. Atakunywa vidonge hivi maisha yake yote. Asizalishwe, maana watoto watarithi.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Midomo, macho, nyayo, vyote kama ulivyoandika, hata pembe ya kushoto ilianza kabla ya kulia. Daktari wa mjini aliniambia kuna mbwa wa kuvuta wanaozaliwa na tumbo lisiloshika madini hayo. Sikumwambia mtu. Unawajua watu wa hapa, wangesema mbwa wetu, wa akina Harju, wana kasoro. Sulo alijua kwa sababu aliniona nikivificha kwenye maini.

Nilipomtia Halla kwenye sanduku Oktoba, chupa ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika. Sikuiweka. Nilijiambia nitaituma kwa posta, halafu barua yako ya Novemba ikaja na habari za mlangoni.

Jana Sulo alikuja na kuni. Akaisoma barua yako ya mwisho kabla sijamruhusu.

"Umepeleka vidonge?" akauliza.

"Kunywa kahawa yako."

"Nakunywa. Umepeleka?"

"Lempi ana akili zake. Anaenda kwa daktari."

"Irja, mbwa anatoka damu mdomoni. Wewe mtu mzima, una mjukuu njiani, unamwonea gere mdogo wako kwa sababu ya mbwa?"

"Si mbwa."

"Haya, ni nini?"

Nikamwambia akalete kuni nyingine. Akaniambia kuni zipo hadi darini, na kwamba hataleta hata kijiti kimoja mpaka kifurushi kiende. Kisha akaketi na kofia yake kichwani mpaka nikatafuta karatasi.

Nilitaka Halla ashindwe kwako. Nilijua sheria ya baba, asipomaliza anarudi. Sikutaka aumie, lakini nilijua ataumia, na nilikuandikia habari za bakuli.

Irja


Nje ya Fairbanks
7 Machi 1990

Irja,

Chupa na barua vilifika tarehe 21 Februari. Daktari alikuwa ameshaniambia tarehe 5. Ni mama mmoja mfupi, ana sauti ya kuuza samaki. Alimfungua Halla mdomo kwa vidole viwili. Halla hakumng'ata ila alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Daktari alikwangua ngozi, akaitazama, akarudi.

"Unampa uji?"

"Mbwa wote wa njia hii wanakula uji."

"Wengine wana matumbo. Huyu ana tumbo la kifalme. Zinki haikai, na pumba zinazuia hata ile kidogo inayopita. Alikuwa kwa nani kabla yako?"

"Kwa dada yangu."

"Dada yako alikuwa anampa kitu. Mbwa hafiki miaka mitano na manyoya haya kwa bahati."

"Hakuniambia."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna."

Akanitazama kama ninavyomtazama Rasti. Akaniandikia vidonge.

Nilishiriki mashindano bila Halla. Tulimaliza wa kumi na nane kati ya ishirini na mbili, na Rasti alitaka tujadiliane mara nyingi. Nilipofika nyumbani nilisoma barua yako tena, mara ya nne. Niliandika majibu mawili na kuyatia jikoni yakaungua.

Sasa nakwambia langu, na sikwambii ili tuwe sawa, maana hatuko sawa. Katika barua ya tarehe 17 Desemba niliandika "wiki hii". Si kweli. Ufa wa kwanza niliuona tarehe 24 Novemba. Nilinyamaza wiki tatu kwa sababu nilijua utasema mrudishe. Kila asubuhi nilimpaka mafuta na kumwambia apone kabla dada hajajua. Ningeuliza siku ile, labda ungekataa kujibu wiki tatu mapema, na daktari ningemwona mwezi wa kumi na mbili. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi.

Halla anaendelea vizuri. Nyufa za kulia zimefunga. Kushoto umebaki mmoja. Vigaga vya macho vimedondoka, chini kuna ngozi ya waridi. Anakula. Lakini kuvuta bado, daktari amesema mpaka Mei, na Mei hakuna theluji.

Kwa hiyo hakumaliza msimu. Sheria uliiandika wewe mwenyewe kwa wino. Atapanda ndege tarehe 10 Aprili.

Lempi


Embarrass
22 Aprili 1990

Mdogo wangu Lempi,

Nakusalimu, na safari hii nasubiri kwa kweli kujua hali yako. Carol ni mzima, tumbo limekuwa kubwa. Barafu ya ziwani ilivunjika juzi saa nane mchana, Sulo ndiye aliyeiona kwanza na bado anajisifu.

Halla alifika tarehe 11. Midomo yake ni safi. Ulimtibu vizuri kuliko mimi mara ile ya kwanza, kwangu ilichukua wiki tisa na akabaki na kovu.

Nilidhani atanirukia. Alitoka, akaninusa mkono, akapita. Akarudi kunusa ndani ya sanduku, upande uliotandika koti lako kuukuu, akalala humo. Nilisimama na goti langu pale uani. Sulo akasema, "Mpe muda." Nikamwambia hakuna aliyemuuliza.

Sikuandikii kulalamika. Kuna shida. Hanywi vidonge. Miaka mitatu na nusu alikula ini kutoka kwenye vidole vyangu bila kufikiri. Sasa mkono ukikaribia mdomo wake anageuza kichwa na kufumba macho, anatetemeka midomo. Hanipigii kelele. Anangoja tu nimalize. Nimejaribu ini, siagi, jibini, mkate wa iliki. Nikiweka bakulini anakula kila kitu kandokando na kukiacha kidonge kimekauka katikati. Ana siku kumi na moja bila dawa. Jana niliona ngozi ya pembe ya kushoto imeanza kuwa nyeupe.

Najua ni kwa nini anaogopa mkono, midomo iliuma kila ilipoguswa. Usinieleze.

Kwako alikuwa anavinywa tangu Februari. Wewe unajua namna, mimi sijui. Nilikaa na kalamu tangu asubuhi kabla ya kuandika sentensi hiyo. Nilidhani itakuwa rahisi kuliko ile barua ya Februari. Si rahisi hata kidogo.

Uliwezaje?

Irja


Nje ya Fairbanks
2 Mei 1990

Dada Irja,

Sisi wazima. Njia ni matope. Msalimu Carol.

Usimpe kwa mkono. Usimpe bakulini. Chemsha ngozi ya samaki mpaka ilegee, funga kidonge ndani, kiweke chini juu ya ubao, si karibu nawe, hatua nne au tano. Kisha geuka. Mpe mgongo kabisa, fanya kazi nyingine, pasua kuni, imba ukitaka. Usichungulie. Akiona unamtazama anadhani kuna kitu unakitaka kwake, na hatagusa. Siku ya kwanza itamchukua saa nzima. Najua wewe huwezi kukaa saa nzima bila kumtazama mbwa yule. Mimi pia sikuweza, ilinichukua siku sita kujifunza. Mweke Sulo akushike kichwa.

Pembe nyeupe uipake mafuta akiwa usingizini, si vinginevyo.

Barua yako nimeichukua posta leo, Jumatano, saa tatu asubuhi. Nilisema moyoni na yeye angoje kidogo, angoje Jumatano moja tu, aone. Nikarudi nyumbani, nikalisha mbwa kumi na watatu, nikaketi. Sasa ni saa sita, posta inafungwa saa nane, na ni mwendo wa saa moja na nusu kwa matope haya.

Naondoka.

Lempi